Mishale Yote Inapita Katikati, Isipokuwa Wako

Worthington, 6 Aprili 2025

Maombi binti yangu, mama yangu mdogo,

Leo nimesikia sauti yako kwenye simu kwa dakika moja tu, halafu mama yako akaichukua kunipa habari za kanisa, na habari za kanisa haziishi. Ndiyo maana nilikuachia zile bahasha kumi na stempu zake juu ya friji. Mimi naingia kiwandani saa tisa mchana na simu inabaki imefungiwa kabatini. Nikitoka wewe umelala, nikiamka wewe uko shuleni. Basi tuandikiane, na iwe kwa Kiswahili, maana Kiingereza chako kinakimbia sana kuliko masikio yangu.

Bon, haya. Mama yako ananiambia umeacha kwaya ya Jumatano kwa sababu ya mchezo wa fimbo. Fimbo! Tulivuka ziwa usiku na mvua, tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka kumi na minane, tukapanda ndege mbili, ili binti yangu aje kupigana fimbo Amerika? Anicet, huyu ninayekaa naye nyumba moja, anasema aliona mchezo huo kwenye televisheni. Eti ni wasichana wanafukuzana na nyavu za kukamatia panzi.

Nieleze vizuri. Nichoree. Usisahau baba yako alifundisha ekipe ya mpira wa miguu kambini miaka sita, kwa hiyo usinifupishie mambo ukidhani sitaelewa. Na mbele ya yote uniambie: umo kwenye kikosi cha kwanza?

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Baba yako,
Byamungu


Columbia Heights, 12 Aprili 2025

Shikamoo baba,

Barua yako nimeisomea ndani ya basi nikacheka peke yangu, watu wakanikodolea macho. Panzi! Mwambie kaka Anicet nitamkumbuka.

Hatupigani, baba. Mchezo unaitwa lakrosi. Fimbo ina wavu mdogo kichwani, unadakia mpira humo, unakimbia nao, unampasia mwenzako, unapiga golini. Wanaogongana ni wanaume. Sisi tunavaa miwani ya waya na mdomoni kinga ya meno, basi, na ukimgonga mtu kichwa unatolewa nje.

Kila timu ina watu kumi na wawili, lakini wanaoruhusiwa kuvuka mstari kwenda kushambulia ni saba tu. Na hapa utashangaa: nyuma ya goli kuna uwanja! Mmoja wetu anakaa kule nyuma na mpira, golikipa hajui aangalie wapi.

Nimekuchorea. Viduara saba ni sisi, tumelizunguka goli. Visalaba ni mabeki wao. Ukishapiga pasi husimami. Unakimbia moja kwa moja katikati ya mabeki, mbele ya goli, unatokea upande wa pili, na wenzako wanasogea kujaza pale ulipotoka. Mishale ndiyo hiyo. Beki wako akikufuata, ameacha nafasi na mwenzako anaingia. Asipokufuata, unapewa mpira ukiwa peke yako. Kwa hiyo kila akifanyacho amekosea. Hiyo ndiyo raha yake.

Aliyetufundisha ni Chepkemoi, Mkenya, anasoma chuo kikuu hapa Minneapolis, na ndiye anayechagua wale saba. Kiswahili chake ungekisikia! "Maombi, cut ndani! Usi-slow down! Uki-pass una-move!" Wenzangu Wamarekani wanadaka neno moja moja tu, wanadhani ananisifu.

Ndiyo, niko kwenye saba wa kwanza.

Mechi kubwa, ya mwisho kabla ya mtoano, ni Jumamosi tarehe 17 Mei, kule Blaine. Hapa bado kuna theluji pembeni ya uwanja, tunapiga pasi vidole vimekufa ganzi.

Binti yako,
Maombi


Worthington, 19 Aprili 2025

Maombi binti yangu,

Saba wa kwanza! Nimeisoma barua yako kwa sauti wakati wa chai, na sasa mstari mzima wa kukata nyama unajua. Hata msimamizi wetu, ambaye hacheki hata akitekenywa, amenipa mkono. Nikaona nimepata mlango, nikamwomba Jumamosi ya tarehe 17 hapo hapo. Amekubali! Anicet atatuendesha na gari lake. Tutatoka alfajiri.

Sasa sikiliza. Jana asubuhi tumeweka mchoro wako juu ya meza. Maharage saba mekundu ni nyinyi, punje saba za mahindi ni mabeki, golikipa ni kifuniko cha soda. Tumecheza saa nzima, uji ukaungua. Mpaka Anicet, aliyesema panzi, akaanza kupiga kelele "Toka hapo, wewe harage, toka!" Mchezo huu una akili, mama. Asiye na mpira ndiye anayefanya kazi. Hiyo niliwafundisha vijana wangu kambini mpaka sauti ikakauka, hawakunisikia.

Kitu kimoja tu sijaelewa. Umeandika kwamba mtu akipiga pasi anapita katikati. Kweli, mishale yote inapita katikati, isipokuwa wako. Wewe, huyu mwenye herufi M, unapiga pasi halafu mshale wako unazunguka nje, nyuma ya kila mtu, kama anayetafuta choo cha harusini. Punje yako ya mahindi haikusogea hata mara moja. Haikuwa na sababu ya kusogea. Je, ni ujanja wa kocha? Kama ni ujanja, nifundishe na mimi.

Koti langu la kanisani nimelipeleka dobi.

Baba yako,
Byamungu


Columbia Heights, 27 Aprili 2025

Shikamoo baba,

Hatujambo wote. Mama anakohoa kidogo lakini amekwenda kazini.

Nimefikiria habari ya tarehe 17. Usije, baba. Blaine ni mbali, hakuna basi la kufika kule, na utakuwa umetoka zamu usiku wa manane. Afadhali upumzike. Na mechi yenyewe si kubwa kama nilivyosema. Mwakani utakuja.

Samahani barua ni fupi, nina mtihani wa hesabu.

Maombi


Worthington, 3 Mei 2025

Maombi,

Nimeisoma barua yako mara nne. Nimempa Anicet naye aisome, labda mimi ndiye nisiyeelewa. Akanirudishia, akaenda kuosha sufuria ya uji.

Nitakuuliza kama baba. Ni harufu ya kiwanda? Naoga mara mbili, lakini najua haiishi. Ni Kiingereza changu mbele ya wazazi wa wenzako? Ninaweza kukaa kimya. Hata kushangilia naweza kuacha, nitakaa kule nyuma kabisa na Anicet. Kama ni koti, nitavaa jingine.

Kambini nilikubeba begani ukaangalie mechi za vijana wangu, na wewe ndiye uliyekuwa unapiga kelele kuliko wote. Sikujua itafika siku utaniambia nisije kwenye yako. Imeniuma, sitakuficha.

Jumatatu nitamwambia msimamizi airudishe Jumamosi yake.

Byamungu


Columbia Heights, 6 Mei 2025

Baba yangu, baba yangu,

Usimwambie msimamizi! Kama umeshamwambia, mrudie. Hapana, baba, si koti. Si harufu. Mungu wangu, siyo wewe hata kidogo! Nimelia darasani mpaka mwalimu akanipeleka kwa nesi.

Ni mimi niliyedanganya. Simo kwenye saba wa kwanza. Tangu wiki ya pili nakaa benchi. Niliandika "ndiyo" kwa sababu uliuliza kwa furaha, nikasema moyoni kabla barua haijafika nitakuwa nimeshaingia, isiwe uongo tena. Halafu ukaniambia mstari mzima unajua. Ningekuangaliaje usoni, umetoka Worthington alfajiri, umevaa koti la kanisani, uje kunitazama nikiwa nimekalia ndoo ya mipira?

Na ule mshale umeuona wewe, hata kabla hujaona lakrosi yenyewe. Si ujanja. Ndiyo kosa langu. Chepkemoi anasema nina mikono mizuri kuliko wote, pasi zangu hazipotei, lakini nikishapiga pasi nazunguka. "Maombi, mbona unazunguka kama mtu anatafuta parking? Ingia ndani!" Namwambia sawa kocha. Nakusudia kabisa kuingia. Nikifika pale, mabeki wamesimama wanaangaliana na watu wetu, miguu inakataa, inanipeleka nje yenyewe. Beki wangu hasumbuki, anabaki pale pale kumsaidia mwenzake, na shambulio lote linakwama. Kwa hiyo akanitoa. Ana haki.

Nimejiuliza ni woga wa kuumia? Siogopi kuumia. Jana ndiyo nimejua. Mama alikuwa na wageni sebuleni, akaniita nilete maji, na mimi nikazunguka nyuma ya makochi yote, nikajibana ukutani na jagi, wakati meza ilikuwa hatua mbili mbele yangu. Nikasimama hapo hapo na jagi. Baba, ni ile ile! Nikiona watu wamesimama wameelekeana, mwili wangu unaniambia sina ruhusa kupita kati yao. Unaikumbuka siku ya sinia la chai, Nyarugusu? Mimi naikumbuka.

Chepkemoi nimeshindwa kumweleza. Yeye angesema ni mchezo tu.

Njoo, tafadhali. Hata kama nitakuwa kwenye ndoo.

Maombi wako


Worthington, 10 Mei 2025

Maombi, mama,

Jumamosi bado ni yangu. Jumatatu nilimkuta msimamizi anaumwa meno, sikuthubutu kumsogelea. Mungu ana njia zake.

Siku ya sinia naikumbuka. Ulikuwa na miaka sita. Wazee walikuja kwa ajili ya msiba wa babu yako, nyumba imejaa, na wewe ukatoka jikoni na chai, ukapita katikati yangu na Mzee Eliakim kwa sababu ndiyo njia fupi. Nikakufokea mbele ya wote. "Huna adabu!" Nikakurudisha mpaka mlangoni, nikakuzungusha nyuma ya viti vyote, na sinia lilikuwa zito, chai ikamwagika mguuni kwako. Hukulia. Wazee wakanisifu kwamba nimelea. Miaka kumi na moja nimejivunia kwamba hukulia. Jana nimekaa na barua yako na sijivunii tena. Chai ilikuwa ya moto. Nisamehe, mwanangu.

Adabu ile ni nzuri na ni yetu. Mgeni akikaa, mtoto anazunguka, na mimi mwenyewe bado nazunguka mbele ya wakubwa zangu. Lakini sikukuambia inaishia wapi, na hilo ndilo kosa langu mimi. Sasa nakuambia, na uishike barua hii kama cheti. Pale uwanjani hakuna mzee hata mmoja. Wale ni watoto wa wenzetu, wamesimama pale ili upite. Ukizunguka unawaheshimu mabeki na kuwadharau wenzako sita wanaokungoja. Pita katikati. Mimi baba yako ndiye niliyekukataza, na mimi ndiye ninayekuruhusu.

Na kwa kuwa miguu haisomi barua, fanya hivi. Nimeshaongea na mama yako. Toeni viti nje, pale penye maegesho nyuma ya jengo, avikalie yeye na wanakwaya wenzake, wameelekeana kama siku ya wageni. Wewe pita katikati yao mara hamsini. Kama kuna atakayekufokea, niandikie jina lake.

Kuhusu benchi usione aibu. Mimi nililikalia Nyarugusu miaka kumi na minane, na nilipoitwa kuja Amerika nilikuwa tayari nimefunga kamba za viatu. Nakuja. Kwenye ndoo au popote, nakuja.

Baba yako anayekupenda,
Byamungu


Columbia Heights, 14 Mei 2025

Shikamoo baba,

Ungekuwepo! Viti vinane, mama na wanakwaya saba, vitenge vyote vya Jumapili, katikati ya magari. Jirani wa juu akafungua dirisha akauliza kama kuna arusi. Mama Pacifique akataka tuanze kwa sala, kwa hiyo tukaanza kwa sala.

Mara ya kwanza nilifika kwenye kiti cha kwanza nikageuka. Ya pili pia. Ya tatu nikapita nimeinama na mkono mbele, nasema "samahani, samahani," na wakacheka mpaka kiti kimoja kikavunjika mguu. Mama hakucheka. Akaniambia, "Maombi, ulitoka tumboni mwangu bila kuomba samahani kwa mtu. Pita!" Basi nikapita. Nikapita tena. Wakaanza kunisukuma na mabega, kunizuia kwa mikoba, Mama Pacifique anakaba kuliko beki yeyote wa Blaine. Nilihesabu mpaka thelathini na kitu, halafu mvua ikatufukuza.

Leo mazoezini nimepita katikati mara nne. Mara nyingine nyingi nimezunguka. Chepkemoi aliandika kitu kwenye karatasi yake akaniambia "Nakuona," basi. Sijui kama nitacheza. Nimeitia barua yako ndani ya soksi.

Nimekuwekea nafasi ya kuketi mbele, si nyuma. Vaa koti.

Maombi


Worthington, 19 Mei 2025

Maombi binti yangu,

Nyumbani kulikuwa na watu wengi mno, hatukupata hata dakika ya kuzungumza, na alfajiri nilikuacha umelala. Kwa hiyo nakuandikia niliyoyaona, maana wewe ulikuwa ndani na mimi nilikuwa nje.

Robo mbili za kwanza niliona kisogo chako tu. Umekalia ndoo kweli, umenyooka, na kamba za viatu umefunga. Anicet alikuwa anatukana kwa Kifuliiru, nashukuru hakuna aliyeelewa. Robo ya tatu yule dada Mkenya akakuita. Ulipopiga pasi ya kwanza ukazunguka nje, nikafumba macho. Ya pili ukazunguka tena. Nikasema moyoni, Byamungu, ni wewe uliyemfunga huyu mtoto.

Halafu ile ya mwisho. Tulikuwa nyuma kwa goli moja, saa inakimbia. Ulikuwa na mpira juu kulia. Ukampasia yule aliye nyuma ya goli, na ukasimama. Nilikuona ukisimama, mama. Niliona bega lako likigeuka kwenda nje. Halafu likarudi. Ukaingia katikati, kichwa juu, bila kuinama, bila samahani! Mabeki wawili wakakurukia wote kwa pamoja, mkaanguka chini, na pale ulipotoka pakabaki wazi kama sebule ya mtu aliyehama. Mwenzako Serah akaingia pale pale. Wa nyuma akampa. Goli!

Nikaruka nikapiga kelele "Maombi! Maombi!" mpaka koti likachanika kwapani. Mama mmoja Mmarekani, mtu mwema, akanigusa mkono akanieleza polepole kwamba aliyefunga ni msichana mwingine, namba kumi na mbili. Nikamwambia, "Najua, mama. Najua." Punje za mahindi ningekuwa nazo ningemwonyesha.

Kwamba mlifungwa kwenye muda wa nyongeza, ni mpira, utafungwa tena mara nyingi. Na jioni, wageni walipokaa, ulitoka jikoni na chai ukazunguka nyuma ya viti, ukanipitia mgongoni. Nilikuona unatabasamu. Na mimi pia.

Baba yako,
Byamungu


Columbia Heights, 23 Mei 2025

Shikamoo baba,

Chepkemoi amebandika majina ya mtoano ukutani, tunacheza Roseville wiki ijayo. Langu ni la tatu katika saba wa kwanza. Nimelipiga picha, nimeichapisha, iko ndani ya bahasha hii. Sasa waonyeshe mstari mzima, na safari hii ni kweli.

Koti lilete, mama atalishona.

Kuna kitu hukukijua kuhusu lile goli, kwa sababu ulikuwa juu na mimi nilikuwa chini. Nilianguka kifudifudi, uso kwenye nyasi za plastiki, beki mmoja yuko mgongoni kwangu na mwingine amekanyaga fimbo yangu. Sikuona Serah anaingia. Sikuona pasi, sikuona mpira. Watu walikuwa wanapiga kelele lakini watu hupiga kelele kwa kila kitu, na niliwaza tu, nimeharibu, nimepita pasipo ruhusa na nimeharibu.

Halafu nikasikia jina langu. Ni sauti ile ile ya siku ya sinia, baba, kubwa vile vile, inasikika mpaka mlangoni, ila safari hii inashangilia. Nikiwa bado chini, kabla sijainua kichwa, nikajua mpira umeingia.

Binti yako,
Maombi